KUUNGA KAMBA ISIACHIE

Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa pwani ya Bagamoyo



Mbuzi aliyefunguka usiku hula majani ya muhogo wa jirani, na asubuhi mnaitana kwa mjumbe kudaiana fidia. Mwasema kamba imekatika. Itazameni vizuri: mara nyingi kamba ni nzima, fundo ndilo lililoachia.

Pwani yetu ina kamba za kila namna. Iko ya makumbi, iko ya katani, na siku hizi nailoni imejaa madukani. Kila moja hushika kwa namna yake.

Kwanza, fundo la mdomo wa gunia. Shikeni maneno haya: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Anayechanganyikiwa na apake masizi ncha moja. Ncha iliyopita juu mara ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ipite juu mara ya pili. Likiwa sawa, kila mkia hulala sambamba na kamba yake. Mikia ikitokeza ubavuni kama msalaba, mmekosea, fungueni. Lile la makosa hufanana sana na la kweli, ndiyo maana hudanganya hata wazee.

Lakini fundo hilo ni la gunia na mzigo wa kuni. Si la kuungia kamba mbili. Mkia wake mmoja ukivutwa kwa nguvu, fundo hupinduka na kamba huchomoka, hasa zikiwa nene na nyembamba.

Kuunga kamba kuna fundo jingine. Ikunjeni ncha ya kamba nene iwe pindo, mkia wake mfupi ukae upande mmoja. Hilo pindo ni shimo, nayo kamba nyembamba ni kenge. Kenge atoka shimoni kutoka chini, apita kwanza juu ya mkia mfupi, azunguka nyuma ya pindo lote, arudi mbele ajibane chini ya mwili wake mwenyewe. Asiingie tena shimoni! Kisha kazeni polepole.

Sasa kagueni. Mikia miwili yapasa kuwa upande mmoja wa fundo. Mmoja ukiwa huku na mwingine kule, kenge alizunguka kinyume, na fundo ni dhaifu. Acheni mikia ya shibiri moja. Mimi sipendi ubahili wa kamba hapo.

Nailoni huteleza, kwa hiyo kenge wake azunguke mara mbili, na kila mara ajibane pale pale. Ya makumbi hukwaruza, mara moja yatosha.

Kamba ya kumshusha mtu kisimani isiungwe kabisa. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba. Tafuteni nzima, hata kwa kuazima. Ya ndoo na ya mbuzi zaweza kuungwa, ila fundo litazamwe kila asubuhi, maana kamba ikilegea na kukaza mara nyingi, mkia hurudi ndani kidogo kidogo.