Maji yetu yapimwe, na hesabu isomwe kwetu

Maneno kwa vijana wa Kasongo na Kabambare



Kila siku tunalilia maji. Leo nataka tudai kitu kinachotangulia maji: hesabu yake.

Mwaka 1874 Mwingereza mmoja, Cameron, alifika Nyangwe, hapa kwetu kando ya Lualaba. Akapima mto. Akapata, tena wakati wa kiangazi, karibu mita kyubu 3.500 kila sekunde, zaidi ya mara tano ya maji ya Nile kule Gondokoro. Basi akajua Lualaba haiwezi kuwa Nile.

Miaka zaidi ya 150 imepita. Leo ukiuliza Luama, inayokata Kabambare, inabeba maji kiasi gani mwezi wa nane, nani atakujibu? Kabla ya 1960 beseni lote la mto Congo lilikuwa na vituo zaidi ya 400 vya kupima maji. Vinavyofanya kazi leo ni vichache mno.

Kuna watakaosema: hesabu hainywewi. Kweli. Lakini Januari 2024, mto ulipopanda Kinshasa hadi mita 6 na sentimita 20, karibu na ile rekodi ya 1961, watu waliambiwa, sababu RVF inasoma eshele yake pale. Sisi huku tunajua mto umepanda wakati maji yako mlangoni.

Na foraji ni vilevile. Maji ya chini hayalali mahali pamoja: mvua ikinyesha yanapanda, kiangazi yanashuka. Ukichimba mwezi wa nne ukasimama mara tu ulipogusa maji, mwezi wa nane pompi inavuta hewa, na mama anarudi mtoni na bidoni yake. Kolera inamngoja huko. Ndio maana kabla ya kuchimba wanachunguza mawe ya chini, na baada ya kuchimba wanapiga pompi saa nyingi, waone maji yanashuka mpaka wapi na yanarudi kwa muda gani. Halafu yanaenda laboratware. Bila karatasi hizo, foraji ni picha ya kukata utepe tu.

Tena bila karatasi, mwizi hashikiki. Mwaka 2024 dosiye ya foraji za serikali ilifika mpaka kwa mwendesha mashtaka wa Cour de cassation. Mjue: mahali ambapo hakuna anayejua kina cha shimo, bei yake inaweza kuwa yoyote.

Kule Namoya na Salamabila wanachimba dhahabu na kuosha mchanga. Wanaokunywa maji chini ya machimbo wana haki ya kujua kilicho ndani yake.

Katiba, artikle 48, inatuhakikishia maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inapatia jimbo na teritware zetu kazi ndani yake. Kwa hiyo Kindu isitutume Kinshasa, na Kinshasa isiturudishe Kindu. Tunadai mambo matatu:

Moja: kila foraji, kabla ya kulipwa, kina chake, maji kwa saa na majibu ya laboratware vibandikwe mbele ya watu.

Mbili: eshele ziwekwe kwenye Lualaba na Luama, zisomwe kila asubuhi. Tuko wengi hapa wenye diploma na bila kazi. Kusoma alama na kuandika daftari tunaweza.

Tatu: masomo yote ambayo SNHR, REGIDESO na METTELSAT wamefanya juu ya maji ya Maniema yaletwe Kasongo na Kabambare, yaelezwe kwa Kiswahili.

Wakati tunangoja jibu, tuanze. Kila mmoja wenu aende kwenye foraji ya mtaa wake, aandike: inatoa maji au hapana, tangu mwezi gani, nani aliichimba. Leteni hayo kwenye mkutano ujao. Tutaenda kwa administrateur na orodha mkononi, si na kelele tu.