Jedwali la Kompyuta Barazani: Uzito Ukubaliwe Kwanza

(Mada iliyowasilishwa na Afisa wa Habari kwa kamati za miradi za wadi)



Nimeombwa nizungumzie kompyuta katika vikao vya ujenzi. Kwamba Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, hilo mnalijua. Tatizo huja mhandisi anapowasha projekta, jedwali linatokea ukutani, na tunaambiwa kiwanja fulani kimeshinda. Kimeshindaje?

Tuchukue mfano wa soko na viwanja viwili. Vigezo ni vitatu: ukaribu na barabara, usalama dhidi ya mafuriko, na gharama. Kila kigezo kina uzito wake, jumla ikiwa 10. Kila kiwanja hupewa alama, 1 hadi 5. Kompyuta huzidisha alama kwa uzito, kisha hujumlisha.

Kiwanja cha kwanza kina alama 5, 2 na 3. Cha pili kina 3, 5 na 4. Uzito ukiwa 4, 3 na 3, cha kwanza kinapata 35, cha pili 39. Sasa tubadilishe uzito tu: barabara 6, mafuriko 2, gharama 2. Cha kwanza kinapata 40, cha pili 36. Hakuna aliyegusa alama, wala kiwanja hakijasogea, lakini soko limehamia kwenye maji.

Kwa hivyo uzito ukubaliwe barazani kabla ya alama kuonyeshwa. Mama mboga ambaye bidhaa zake hulowa kila masika hawezi kutoa uzito sawa na mwenye lori. Tena kila mtu aandike wake kwanza, kwenye karatasi au simu. Mheshimiwa akitangulia kusema, wengi wetu (tukubali tu) hunyamaza. Kompyuta ikitoa wastani, ombeni muone pia tofauti. Wastani wa 3 unaweza kuficha nusu ya watu waliosema 1 na nusu waliosema 5, na hapo ndipo pa kujadiliana.

Ramani nayo ichunguzwe. Kule Kibera, mwaka 2009, vijana wakaazi walianza kuchora mtaa wao kwa vifaa vya GPS na kuuweka kwenye OpenStreetMap, kwa sababu ramani hiyo ilionyesha mtaa kama pahali patupu. Choo au kichochoro kisichokuwa kwenye ramani hakiingii kwenye jedwali.

Ombeni nakala iliyochapishwa, yenye uzito na alama zote. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa haki hiyo, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Asiyesoma asomewe kwa sauti.

Sasa maswali. Akina mama wa pale nyuma waliinua mikono kabla hata sijaanza, kwa hivyo tuanze nao.