Lisome Faili la Video Kabla ya Kulibadilisha

Mada kwa wapiga picha za video, wahariri na watunza kumbukumbu



Malalamiko yanayomfikia mhariri wa video ni yale yale. Mteja amechomeka flashi ya harusi kwenye televisheni, sauti inasikika lakini picha hakuna. Mwingine ameleta klipu ndefu ya simu, na kadiri klipu inavyosonga kwenye uhariri, midomo na sauti vinaachana. Wengi wetu hapo hukimbilia programu yoyote ya kubadilisha mafaili. Mimi naitetea hatua inayorukwa: kulisoma faili kwanza. Video ikisimbwa upya hupoteza sehemu ya ubora wake, na kilichopotea hakirudi.

Tuanze na jina la faili. MP4, MKV, AVI na MOV ni kontena tu, na kontena ni gunia: kwa kulitazama nje hujui kama ndani mna mchele au maharage. Mafaili mawili yanayoishia na .mp4 yanaweza kubeba kodeki tofauti, moja H.264, kiwango cha mwaka 2003, jingine HEVC, cha mwaka 2013. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa HEVC ili kuokoa nafasi, ilhali televisheni na ving'amuzi vingi vya zamani haviifahamu. Sauti ya AAC vinaifahamu, ndiyo maana bwana harusi anasikika bila kuonekana.

Programu ninayoipendekeza ni MediaInfo, ya bure na huria, iliyotengenezwa Ufaransa, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Buruta faili ulidondoshe kwenye dirisha lake, kisha katika menyu ya View chagua Text, kwa sababu mwonekano wa mwanzo ni muhtasari. Programu husoma tu, faili haliguswi.

Tuseme taarifa inaonyesha HEVC, upana 1920 kwa urefu 1080, fremu 29.97 kwa sekunde, na kwenye mstari wa Frame rate mode kuna neno Variable. Neno hilo ndilo linaloeleza midomo iliyoachana na sauti. Simu hubadilisha idadi ya fremu inaporekodi, hasa mwanga unapopungua, lakini programu nyingi za uhariri hutarajia idadi isiyobadilika. Hapa kusimba upya kuna sababu: tumia HandBrake, nayo ni huria, uchague fremu zisizobadilika kabla ya kuanza kuhariri.

Sasa tazama hali ya kinyume. Faili ni MKV, televisheni inalikataa, lakini MediaInfo inasema ndani mna H.264 na AAC. Picha haina tatizo lolote, linalokataliwa ni kontena. Kwa programu ya FFmpeg, inayoendeshwa kwa kuandika maagizo, agizo lenye -c copy huhamisha yaliyomo kwenda MP4 bila kusimba upya. Kazi huisha haraka sana na ubora unabaki ule ule. Nimeona watu wakiiacha kompyuta ikihangaika usiku kucha kwa kazi ya namna hii, na asubuhi wakapata video iliyofifia. Inauma.

Kasi ya biti nayo isipuuzwe. Video ya megabiti 8 kwa sekunde, kwa saa moja, ni takriban gigabaiti 3.6. Saa moja na nusu ni 5.4, na flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama ina nafasi ya 32. Wengi hudhani flashi ni mbovu.

Ukitaka jibu la haraka, VLC inatosha: cheza video, bonyeza Ctrl na J. Mtunza kumbukumbu mwenye folda nzima atafaidika zaidi na ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg, maana inaweza kuagizwa isome faili baada ya faili na kuandika matokeo pembeni. Taarifa hiyo ihifadhiwe pamoja na video yenyewe.

Jambo la mwisho ni faragha. Video ya simu inaweza kubeba viwianishi vya mahali iliporekodiwa, mara nyingi nyumbani kwa mtu, na MediaInfo huvionyesha. Kabla ya kumkabidhi mtu mwingine faili la mteja, angalia mstari huo. Ukiukuta, FFmpeg ikipewa -map_metadata -1 pamoja na -c copy hutengeneza nakala isiyo na taarifa hizo, picha ikiwa ile ile. Isome nakala hiyo tena kwa MediaInfo, ujiridhishe, ndipo uitoe.