Nani Alisema ni Majambazi? Vyombo vya Habari na Uwajibikaji wa Polisi



Mada niliyopewa ni pana: mwenendo wa polisi, uwajibikaji wao, na sura yao katika vyombo vya habari. Naomba ruhusa niibane. Nitazungumzia siku ya kwanza baada ya mtu kufa mikononi mwa polisi, na miaka inayofuata, maana huko ndiko tunakoharibu kazi.

Tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa nao, waliuawa jijini Dar es Salaam. Polisi walisema hao ni majambazi waliopora fedha siku hiyohiyo, wakafa katika majibizano ya risasi huko Sinza. Ukiitazama kwa jicho la chumba cha habari, taarifa hiyo haikupungukiwa kitu. Ina uhalifu, ina wahalifu, ina silaha, na ina ushindi wa dola. Mji wenyewe ulikuwa na hofu ya ujambazi wakati ule. Mhariri gani angeirudisha?

Waliokataa kuimeza ni ndugu wa marehemu. Wao waliwajua watu wao na walijua walichofuata mjini. Kelele zao zilipofika juu, Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikabaini kwamba wale hawakuwa majambazi na kwamba hakukuwa na majibizano yoyote. Walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa huko.

Sinza si porini, jamani. Ni nyumba, maduka, baa na watu mpaka usiku wa manane. Bunduki zikijibizana pale, mama lishe atakuwa na la kusema, na mlinzi wa duka naye. Kuhakiki habari ile hakukuhitaji chanzo cha siri wala nyaraka iliyovuja. Kulihitaji nauli ya daladala na saa mbili za kuulizauliza. Sisemi hivyo kuwacheka waliokuwa zamu siku ile. Nasema kwa sababu mtindo haujabadilika. Kamanda wa mkoa anaita waandishi, mezani kuna bunduki na risasi, pembeni wamechuchumaa watuhumiwa, kamera zinapiga. Jioni tunaandika kwamba polisi "wameua majambazi", kana kwamba mahakama ilishakaa na kuamua.

Kamanda anapozungumzia mtu aliyeuawa na askari wake, yeye ni upande mmoja katika jambo hilo. Tunayo kanuni ya kumsikiliza wa upande wa pili, na tunaitumia hata kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa nini tunaisahau pale ambapo wa upande wa pili yuko mochwari? Ndugu zake wapo. Mashahidi wapo. Daktari aliyefanya uchunguzi wa mwili yupo.

Kenya walionyeshwa uzito wa daktari huyo Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay na kusafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, akafa akiwa mahabusu. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba amejigonga kichwa ukutani. Siku chache baadaye uchunguzi wa mwili ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko sehemu nyingi. Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya awali. Waandishi waliosubiri ripoti ya daktari hawakuwa na cha kusahihisha.

Wenzetu hao wa Kenya wana chombo cha kiraia cha kuwasimamia polisi, IPOA, kilichoundwa kwa sheria ya 2011. Kilizaliwa kutokana na machungu: Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na 405 kati yake vilikuwa vya risasi. Chombo hicho hakijamaliza mauaji, kama tulivyoona hapo juu, lakini mwandishi wa Nairobi ana mlango wa pili wa kugonga. Hapa kwetu tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo inabeba mengine mengi. Tuna pia Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, inayohusu vifo vya mahabusu. Ni mara ngapi tumemuuliza kamanda kama uchunguzi huo umefunguliwa, na uko mbele ya hakimu gani?

Sasa miaka inayofuata. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote wa kesi ya wale wa Mahenge. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kunyongwa. Wengine walibaki huru. Ni zaidi ya miaka kumi. Katika muda huo mwandishi aliyeianza habari kahamia redio, mwingine kawa ofisa habari wa wizara, na mhariri anauliza kama kuna "jipya". Tendo linapata ukurasa wa kwanza, rufaa inapata aya mbili ukurasa wa saba.

Naijua sababu nyingine ya kunyamaza, na si uvivu. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini Nyololo, wilayani Mufindi. Picha za wenzake zilimwonyesha akiwa amezingirwa na polisi, na mwaka 2016 askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika mauaji ya Kibiti, ambako waliouawa walikuwamo hata askari, alichukuliwa Novemba 2017 na hajaonekana tena. Kwa hiyo sitamwambia mwandishi wa wilaya aende peke yake. Habari ya aina hii isainiwe na chumba kizima cha habari, na maswali yatumwe kwa maandishi kutoka makao makuu.

Pendekezo langu ni la daftari tu. Kila chombo kiwe na orodha ya vifo vyote vilivyotokea mikononi mwa polisi na tulivyoviripoti: tarehe, mahali, alichosema kamanda, walichosema ndugu, namba ya kesi ikiwapo, na siku kesi itakapotajwa. Mhariri wa zamu aifungue kila Jumatatu. Kwa mfano, kesi ya mfanyabiashara wa madini aliyeuawa Mtwara Januari 2022 ilifikia hukumu Juni 2025, askari wawili wakahukumiwa kunyongwa na wengine kuachiwa. Ningependa wahariri waliopo hapa wanieleze, katika muda wa majadiliano, ni nani kati yao alikuwa na mwandishi wake mahakamani katika vikao vya katikati.