Tuwafunike Vifaranga



Mvua za vuli zimeanza hapa Ngara. Kumbikumbi wanatoka na kuku wetu wanawadonoa migombani. Lakini mwewe naye yuko juu anaangalia. Kuku hulalia mayai siku 21. Mwewe humnyakua kifaranga mara moja tu.

Mwaka jana sisi tulipoteza vifaranga 9 kati ya 11. Tukamlaumu mwewe. Kumbe kosa letu! Tuliwaachia wangali wadogo mno. Mwewe tusimwue, hata panya wa shambani anawala.

Sasa tunawafunika kwa tenga mwezi mzima, maji na chenga za mahindi humo humo. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Tena tunaandika daftarini: wangapi wameanguliwa, wangapi wamebaki. Tumejifunza kuhesabu, basi tuhesabu na vyetu.