Kirukia, Mwizi wa Mikorosho

Leo twataka kusema juu ya kirukia, mmea ule uotao juu ya matawi ya mikorosho na miembe, wala hauna mzizi hata mmoja ardhini.

Majani yake ni ya chanikiwiti, nayo hujifanyia chakula kwa nguvu ya jua. Lakini maji na chumvi za ardhi huvinyonya katika tawi la mti. Basi tawi lile hudhoofu, mara nyingi ncha yake hukauka, na korosho hupungua.

Mpanzi wake ni ndege. Hula matunda yake, na mbegu yenye ulimbo hunata penye tawi jingine.

Kuyapukusa majani tu hakufai, maana kitachipuka tena. Likateni tawi lenyewe kwa msumeno, futi 1 kutoka mahali kilipoingia, upande wa shina, kabla matunda yake hayajaiva. Msilihurumie tawi moja mkapoteza mti. Kikiota penye shina, kivunjeni kila kichipukapo, kisipate kuzaa.

Tena tukate sote, kila mtu na jirani yake, kwa kuwa ndege hajui mpaka wa shamba.