Ajenda ya Mkutano Mkuu ni Haki ya Mwanachama

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Tumetakiwa tuseme machache katika siku hii ya furaha, nasi tumechagua jambo lisilozungumzwa sana karamuni, yaani ile karatasi ya ajenda iletwayo pamoja na barua ya mwito. Wengi huitazama tarehe na saa tu, kisha huikunja na kuitia mfukoni.

Tuchukue mfano. Mkulima apokea barua. Ajenda yasema: kuthibitisha kumbukumbu, taarifa ya Halmashauri, hesabu zilizokaguliwa, na mengineyo. Kahawa yake imeiva na wachumaji amekwisha kuwaita. Aona hapana jambo zito, abaki shambani. Jioni asikia kwamba chini ya "mengineyo" mkutano umekubali chama kikope fedha za kununua lori, na deni litakatwa katika kila kilo ya kahawa. Mkulima huyo hakuwa mvivu. Aliiamini barua ya chama chake, na sasa atakatwa sawasawa na wale waliopiga makofi.

Ndiyo sababu jambo hili halikuachwa kwa hiari ya katibu. Hapa Kenya, Sheria ya Vyama vya Ushirika iliyotungwa mwaka 1997, katika kifungu cha 27, iliagiza mkutano mkuu uitishwe kwa ilani ya maandishi ya siku zisizopungua 15. Ikazitaja kazi za mkutano wa mwaka: kumbukumbu, taarifa za Halmashauri au za Kamishna, hesabu, namna ya kugawa ziada, uchaguzi, na kiwango cha juu cha mkopo panapohitajika. Mwisho ikaruhusu shughuli nyingine za chama, lakini zile tu ambazo wanachama wamepewa ilani yake kama yasemavyo masharti ya chama. Maneno hayo yafaa kusomwa polepole. "Mengineyo" si gunia lililo wazi mdomo, kila mtu atie alitakalo. Mahali pake ni salamu, maulizo na matangazo. Jambo la kufunga fedha za wanachama na lingoje mkutano mwingine, hata kama ukumbi mzima walipenda.

Mpango wa mambo nao una nguvu yake. Hesabu zikiwekwa mwisho, saa kumi jioni, akina mama wamekwenda kukamua na watu wa mbali wanatafuta gari. Zitapita bila swali hata moja. Wale wafumaji na wenzao wa Rochdale, Uingereza, walipotunga masharti yao mwaka 1844, waliandika kwamba mkutano mkuu wa kila miezi mitatu upewe taarifa ya fedha na mali ya chama. Sisi twaona hesabu zitangulie uchaguzi, ili mtu apige kura akiisha kujua fedha zake zimetendewa nini.

Wako viongozi wasemao kwamba ajenda ni kazi ya Halmashauri. Ni kweli, Halmashauri ndiyo huiandika. Lakini sheria ileile iliwapa wanachama, wakifika idadi iliyowekwa na kanuni, nguvu ya kutaka mkutano maalumu kwa barua yenye sahihi zao, shabaha na sababu. Halmashauri isipouitisha katika siku 15, wao wenyewe waweza kuuitisha, wakiwaarifu wenzao kwamba Halmashauri imeshindwa. Nguvu hiyo si nyepesi kutumia, kwani kutia sahihi juu ya mwenyekiti aliye jirani, na pengine shemeji, kwahitaji moyo.

Iko njia ya upole zaidi. Mwenye jambo alilete ofisini kabla ilani haijachapwa, aliandike kama azimio analotaka mkutano ulipitishe au ulikatae, wala si kama lawama. Tusomapo barua ya kurasa nne ya malalamiko, mara nyingi hatuoni ni neno gani liingizwe katika ajenda. Aiandike nakala mbili. Moja ibaki kwa katibu. Ya pili ipigwe muhuri na tarehe ya siku ileile, mwanachama arudi nayo nyumbani.